Somo: Barabara za Wachina, nani anazilipa?



Katika mazungumzo yetu na familia zilizohamishwa na viongozi wao, swali moja linarudi mara nyingi: Wachina wanaojenga barabara wametusaidia, ama wametuibia? Wengine wanasema nchi imekwisha kuuzwa. Wengine wanajibu kwamba bila wao tusingeona hata lami. Maneno ya namna hii yakiachwa bila maelezo yanazaa chuki, na chuki ndiyo iliyotoa wengi nyumbani kwao. Katika somo hili tuangalie mambo yenyewe.

1. Madini kwa barabara

Mwaka 2008 serikali ya Congo iliweka sahihi mkataba na makampuni ya China. Iliundwa kampuni ya pamoja, Sicomines, ya kuchimba shaba na kobalti karibu na Kolwezi. Upande wa China ulipata asilimia 68, upande wa Congo asilimia 32. China ingetoa mikopo ya kujenga barabara, hospitali na majengo mengine, na mikopo hiyo ingelipwa kwa faida ya mgodi. Mwanzoni ilitajwa jumla ya dola bilioni 9. Mwaka 2009, baada ya Shirika la Fedha la Kimataifa (FMI) kuogopa uzito wa deni, ikapunguzwa mpaka karibu bilioni 6: nusu kwa ajili ya mgodi, nusu kwa barabara na majengo.

Kwa hiyo barabara hizo si zawadi. Ni malipo, na yanayolipa ni madini yetu. Swali la haki ni hili: kilichotoka na kilichoingia vinalingana?

Mwezi wa Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha (IGF) ulijibu kwamba havilingani. Kwa hesabu yake, kazi zilizofanyika zilikuwa za dola milioni 822 tu, wakati upande wa China ulikuwa umepata faida ya karibu bilioni 10. Ubalozi wa China ulikataa ripoti hiyo. Pande mbili zikakaa tena, na Machi 2024 mkataba ukarekebishwa: mpaka dola bilioni 7 kwa ajili ya kazi za ujenzi, hasa barabara, hadi mwaka 2040. Asilimia 68 na 32 hazikubadilika, na fedha hizo zinategemea bei ya shaba: ikianguka sana, nazo zinapungua.

Tuone jambo moja hapa. Mkataba haukurekebishwa kwa bunduki wala kwa kufukuza wageni. Ulirekebishwa kwa sababu watu walifungua daftari na kupiga hesabu.

2. Reli mbili, shaba moja

Shaba ya Katanga haina faida isipofika baharini. Upande wa mashariki iko reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kutoka Zambia mpaka Dar es Salaam. China iliijenga kati ya 1970 na 1975, ili shaba ya Zambia isitegemee njia za kusini zilizokuwa mikononi mwa serikali za wazungu. Mwaka 2025 kampuni ya China ilikubali kuikarabati na kuiendesha kwa mkataba wa miaka 30, wenye thamani ya dola bilioni 1.4.

Upande wa magharibi iko reli ya Lobito, Angola. Vita viliiharibu, na kampuni ya China ikaijenga upya. Lakini mwaka 2022 Angola iliwapa watu wa Ulaya kazi ya kuiendesha kwa miaka 30, na mwaka 2023 Marekani na Umoja wa Ulaya zikaahidi kuiunga mkono.

Aliyejenga si lazima awe ndiye anayeendesha. Mwenye nchi anaweza kuchagua. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji anapona tu akijua anachouza na bei yake. Akijitia katika ugomvi wa wageni, anabaki kama nyasi chini ya tembo.

3. Barabara na amani yetu

Barabara nzuri inashusha bei ya chakula na kufikisha mazao sokoni. Lakini pia inapandisha bei ya ardhi iliyo kandokando yake. Aliyekimbia vita anaweza kurudi na kukuta shamba lake limeuzwa. Viongozi wasingoje siku hiyo: mipaka na majina ya wenye mashamba yaandikwe mapema, mbele ya mashahidi.

Tena, sheria ya madini ya 2018 inatoa haki ambazo wengi hawazijui. Katika malipo ambayo kampuni inatoa kwa serikali juu ya madini inayouza, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya sekta, chefferie au komini ambamo mgodi upo. Zaidi ya hayo, kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Ni haki ya kila mkaaji, hata aliyehamishwa, kuuliza fedha hizo zimefanya nini.

Maswali ya kuzungumza pamoja

- Barabara au daraja gani limejengwa kwetu, na nani analilipa?
- Nani ametunza alama za mashamba ya waliokimbia?
- Tukitaka hesabu, tutaenda kwa nani, na tutasema nini bila matusi?

Mzungumze kwa zamu, wanawake na vijana nao wapewe neno.