Gitaa Lipi la Kuanzia? Kijitabu kwa Wanaojifunza Gitaa Lubumbashi

Anayekwenda kununua gitaa lake la kwanza huuliza bei kabla ya kitu kingine. Aulize kwanza kuhusu nyuzi, kwa kuwa ndizo zinazoamua sauti, maumivu ya vidole na uimara ambao mbao zinapaswa kuwa nao. Magitaa mengi yana nyuzi sita, nazo hutegwa mi, la, re, sol, si, mi kuanzia ule mnene. Tofauti iko katika kitu kilichotumika kutengeneza nyuzi hizo.

Gitaa la nailoni

Shingo yake ni pana, kama sentimita 5, na sauti yake ni ya upole. Wanunuzi wengi hudanganyika hapa: nyuzi tatu nene zinang'aa kama chuma, kumbe ndani ni nyuzinyuzi laini zilizozungushiwa waya mwembamba. Tazama zile tatu nyembamba. Zikiwa za plastiki, na zimefungwa kwa fundo pale chini kwenye kidaraja, hilo ni la nailoni. Halichubui vidole, kwa hiyo linamfaa mtoto. Mama anayemtafutia mwanawe wa miaka minane au tisa aombe lile dogo, la robo tatu.

Usilifunge nyuzi za chuma hata siku moja. Nyuzi za nailoni huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi zikijumlishwa. Za chuma hukaribia 70. Kidaraja kitang'oka, au shingo itapinda, na fundi hatakurudishia gitaa lile lile.

Gitaa la waya

Hili, lenye nyuzi za chuma, ndilo gitaa la Katanga. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, leo Likasi, akamrekodi. Wimbo wake "Masanga" ukasikika Afrika nzima. Mwenda alichopoa nyuzi kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada: gumba likishika besi, shahada ikiimba juu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na mpiga gitaa mwenzake Edouard Masengo walifika Nairobi, na wapiga gitaa wa kule wakaiga vidole vya Katanga.

Sauti ya gitaa la waya ni kali, inasikika uani hata watu wakiongea, na inatosha kuongoza korali ndogo bila umeme. Shingo ni nyembamba. Wiki za kwanza vidole vitauma. Punguza muda wa kila zoezi, usiache kupiga. Na sisi wa mji wa shaba tujue hili: nyuzi zake nene huzungushiwa mchanganyiko ambao sehemu kubwa ni shaba, mara nyingi asilimia 80 au zaidi.

Gitaa la umeme na besi

Gitaa la umeme halitegemei tumbo la mbao. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mara elfu kadhaa. Uzi ukitikisika, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa na kupelekwa kwenye ampli. Mbelgiji Bill Alexandre alilifikisha gitaa la umeme Léopoldville, leo Kinshasa, mwaka 1953, na rumba haikurudi ilikotoka. Katika bendi zetu kazi hugawanywa: solo, akompanyema inayoshika mdundo, na mi-solo iliyo kati yao. Baadhi ya wapigaji wa mi-solo huondoa uzi wa re na kuweka mwembamba unaolia oktava moja juu. Besi ina nyuzi nne nene, mi, la, re, sol, oktava moja chini ya gitaa.

Nyuzi za gitaa la umeme ni laini kuliko za gitaa la waya, lakini hesabu gharama ya ampli na kebo, halafu kumbuka jioni ngapi umeme hukatwa mtaani kwako. Kwa maoni yetu, asiye na bendi asianzie hapa.

Ukinunua lililotumika

Iwe katika mitaa yetu ya Kamalondo, Kenya au Katuba, lishike gitaa kama unalenga shabaha, utazame shingo kutoka kichwani: iwe karibu imenyooka. Pitisha kiganja nyuma ya kidaraja; mbao ikiwa imevimba sana, liache. Bonyeza kila uzi kwenye kila kipande cha shingo, usikilize kama kuna mlio wa kukwaruza. Geuza funguo zote sita za kukazia nyuzi. Rangi iliyochubuka isikusumbue.

Kiangazi chetu, Mei hadi Septemba, hewa hukauka na mbao hupasuka. Lifungie ndani ya kasha, mbali na bati na jua, pamoja na kijisanduku cha sabuni kilichotobolewa chenye sponji iliyokamuliwa vizuri. Usiliache ndani ya gari.

Kabla ya kutoka dukani, tenga faranga za nyuzi za akiba. Kwenye gitaa la waya, mara nyingi ule uzi mwembamba wa mi ndio hukatika kwanza.