Washirika wa Utafiti: Wangapi, na wa Nini?

Mhadhiri kijana anayetaka kupanda cheo huambiwa mapema: tafuta watu wa kuandika nao. Ushauri huo ni wa kweli nusu. Mwaka 2005 Sooho Lee na Barry Bozeman walichapisha utafiti kuhusu wanasayansi 443 wa vituo vya utafiti vya vyuo vikuu nchini Marekani. Kila mwandishi alipohesabiwa makala nzima, wenye washirika wengi walikuwa na machapisho mengi zaidi. Kila makala ilipogawanywa kwa idadi ya waandishi wake, faida hiyo haikuonekana tena kitakwimu.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali mwaliko wowote, soma mwongozo wa chuo chako wa kupandisha vyeo. Je, makala ya watu sita inakupa alama zote, au sehemu tu? Mwandishi wa kwanza anapata zaidi?

Halafu jiulize mshirika analeta nini ambacho huna: maabara, mtaalamu wa takwimu, sampuli, fedha za safari. Anayejua yaleyale unayoyajua atakuongezea vikao, na vikao vinakula muda wa kuandika.

Suala la majina ya waandishi lizungumzwe siku ya kwanza, kwa maandishi, hata kama mwenzako ni profesa aliyekufundisha. Hapo wengi huona haya, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inataka mwandishi atimize masharti manne kwa pamoja: awe amechangia kwa uzito usanifu wa kazi, au ukusanyaji au uchambuzi wa data, ameandika au kuhariri maudhui kwa kina, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kazi yote. Kuleta fedha peke yake hakutoshi, wala kuwa mkuu wa idara. Aliyefanya hayo tu anashukuriwa mwishoni mwa makala.

Jihadhari pia na kumtegemea mkubwa mmoja. Pierre Azoulay na wenzake, katika utafiti wa 2010, walifuatilia waandishi-wenza wa wanasayansi mashuhuri 112 wa Marekani waliofariki wakiwa bado kazini. Uchapishaji wa waandishi-wenza hao, ukipimwa pamoja na ubora, ulishuka kwa asilimia 5 hadi 8, na haukurudi ulipokuwa. Ukiwa kwenye mradi wa mkubwa wa namna hiyo, omba kuongoza walau makala moja ndogo pamoja na wenzako wa rika lako.