Mkimbiaji Anayerejea: Mwili Husahau Nini, na Hukumbuka Nini?

Katika majaribio ya kuchagua timu ya mbio ndefu ya chuo kimoja, ambayo mwandishi wa makala haya alikuwa mshika saa, alijitokeza mwanachuo mwenye umri wa miaka 29. Alipokuwa sekondari alikuwa mkimbiaji hodari. Kisha alifundisha shule ya msingi kwa miaka sita bila ya kufanya mazoezi. Katika mita 10,000 alimaliza wa tisa, akihema. Vijana wakamtania: "Mzee, waachie watoto!" Nami, msomi wa elimu ya mwili, niliandika mbele ya jina lake: "Umri umempita." Uamuzi huo haukuwa wa kisayansi. Tutazame kwa nini.

Moyo na damu

Mbio ndefu hutegemea oksijeni. Kiasi cha oksijeni ambacho mwili waweza kukitumia kwa dakika moja hutokana na mambo mawili: wingi wa damu inayosukumwa na moyo, na uwezo wa misuli wa kuichukua oksijeni kutoka katika damu hiyo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Moyo wa mkimbiaji ukisukuma mililita 120 kwa kila pigo, na ukipiga mara 190 kwa dakika, utasukuma 120 × 190 = mililita 22,800, yaani lita 22.8. Akiacha mazoezi, majimaji ya damu yaitwayo plazma hupungua katika majuma machache ya mwanzo. Damu inayorudi moyoni huwa kidogo, na kila pigo nalo husukuma kidogo. Tuseme sasa ni mililita 105. Hata moyo ukiongeza bidii na kupiga mara 195, zitapatikana lita 20.5 hivi tu. Mkimbiaji amepoteza sehemu moja kwa kumi ya uwezo wake wa kusukuma damu, ingawa umri wake haujabadilika.

Kinachopotea na kinachobaki

Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 uliwapima wanamichezo saba waliokuwa wamefanya mazoezi kwa miaka mingi, kisha wakaacha. Baada ya majuma mawili au matatu, matumizi yao ya juu ya oksijeni yalishuka kwa asilimia 7. Yalipofika majuma kumi na mawili, yalikuwa yameshuka kwa asilimia 16. Lakini vijishipa vyembamba vinavyoilisha misuli, yaani kapilari, havikupungua. Vimeng'enya vya misuli vinavyosaidia kutumia oksijeni vilipungua, ila vilibaki juu kuliko vya watu wasiofanya mazoezi kabisa. Kwa hiyo shamba lililolala halirudi kuwa pori kwa msimu mmoja.

Umri, au kukaa tu?

Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye umri wa miaka 20 walilazwa kitandani kwa majuma matatu. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Mwaka 1996 watu wale wale, sasa wakiwa na miaka 50, walipimwa tena. Ikaonekana kwamba majuma matatu ya kitandani yalikuwa yamewapunguzia uwezo kuliko miaka 30 ya kuishi! Kisha walifanya mazoezi ya taratibu kwa miezi sita, na wastani wa uwezo wao ukarudi pale ulipokuwa kabla ya kulazwa, walipokuwa vijana. Umri huchukua chake, hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi tunausingizia makosa ya kukaa.

Mfano wa karibu nasi ni Suleiman Nyambui, mzaliwa wa mkoa wa Mara mwaka 1953, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso. Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 ilimpita, kwa kuwa Tanzania haikushiriki. Alipotwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 mwaka 1979 alikuwa na miaka 26, umri ambao wanafunzi wengi wa huko wamekwisha kuhitimu. Aliushika ubingwa huo hadi mwaka 1982, na mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow. Akiwa na miaka 34, na tena 35, alishinda mbio za marathoni za Berlin.

Hatari ya pupa

Hapa mwalimu wa michezo hana budi kuwa mwangalifu. Plazma hurudi mapema, na pumzi huanza kutosha. Lakini kano na mifupa hujijenga polepole, kwa miezi. Mkimbiaji anayerejea hujisikia mzima kabla miguu yake haijawa tayari, na hapo ndipo huumia. Aongeze umbali kwanza, kidogo kidogo. Kasi ifuate baadaye.

Mwanachuo yule alifanya hivyo, peke yake, alfajiri kabla ya vipindi. Katika majaribio ya mwaka uliofuata alimaliza wa pili. Nilikuwa nimepima siku moja, nikahukumu miaka.

Zoezi la darasani

1. Hesabu mapigo ya moyo wako kwa dakika moja ukiwa umeketi.
2. Kimbia polepole kwa dakika tano, kisha hesabu mapigo mara unaposimama na tena baada ya dakika mbili.
3. Rudia kila juma kwa majuma sita, huku ukifanya mazoezi mara tatu kwa juma. Chora grafu. Je, mapigo yanashuka upesi zaidi baada ya mbio? Eleza sababu.