Dondoo muhimu: Nobu ya redio ya upepo ikikaza

Toa betri kwanza. Kisha vuta nobu moja kwa moja juu; nyingi hutoka bila bisibisi, ila ukiona skrubu ndogo ubavuni, ilegeze kabla ya kuvuta. Mara nyingi utakuta jasho, vumbi na chumvi vimeganda kwenye kijiti inachokalia, hasa kwa redio za botini. Futa kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha pakauke. Redio zisizoingiza maji huwa na mpira mwembamba hapo: upake grisi ya silikoni, kiasi kidogo tu. Petroli huuvimbisha, mafuta ya kupikia hunasa vumbi. Unaporudisha nobu, usiikandamize hadi ikwaruze bodi. Bado ngumu? Usiizungushe kwa plaizi, utavunja swichi ya ndani. Mpelekee fundi.