Infirmie anayebisha hodi nyumbani: amejifunza nini zaidi?



Katika kambi kuna watu wanaouliza: «Kazi ya infirmie ni kuchoma sindano kule dispansere. Nyumbani kwangu anakuja kutafuta nini?» Ulizo hili ni la haki. Leo tutalijibu, na tutaanza na kosa langu mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natumika katika dispansere ya kambi moja. Mfanyakazi mmoja wa shimoni, mtoboaji wa mawe, alikuja na kikohozi cha wiki nyingi. Tulipima makohozi yake, tukaona kifua kikuu. Alimeza dawa miezi 6 bila kuruka siku, akapona, akarudi kazini. Nilifurahi, nikafunga fishi yake.

Lakini kuna neno moja dogo ambalo sikumuuliza: «Nyumbani unalala na nani?» Alikuwa analala chumba kimoja na bibi yake na watoto 3. Baadaye mtoto wa mwisho, wa miaka 2, aliletwa kwetu na homa, shingo imekazana, hatambui mama yake. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ubongo. Hospitali ilimwokoa, lakini tangu wakati ule hasikii. Nilitibu kifua cha baba. Jamaa yake sikuiona.

MASOMO YENYEWE NI GANI?

Katika Kongo, infirmie wa A2 husoma miaka 4 katika shule ya ufundi wa uganga. Infirmie wa A1 alisoma miaka 3 katika shule kuu, ile tunayoiita ISTM. Hapo anajua kutunza mgonjwa aliye kitandani. Akitaka kupanda ngazi, anaweza kuongeza miaka 2 katika tawi la afya ya jamii. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, shule kuu zetu zimeanza kufuata utaratibu wa LMD, ni kusema miaka 3 ya lisansi, kisha 2 ya masta.

Si kwetu tu. Katika mwaka 2000, mawaziri wa afya wa Ulaya walikutana München, wakakubali kutia nguvu kazi ya infirmie wa jamaa. Hispania ilitoa programu yake katika mwaka 2010: infirmie aliyekwisha kupata diploma hujifunza miaka 2 tena, huku akitumika chini ya waalimu wake. Na mzizi wa mambo haya ni mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978, uliosema kwamba afya ianzie pale watu wanapoishi na kutumika. Ndiyo sababu nchi yetu iligawanywa katika zoni za afya, ambazo leo zinapita 500.

ANAJIFUNZA NINI?

1. Kuitazama jamaa kama mwili mmoja. Anaandika ni nani wanaoishi nyumbani, nani anakohoa, nani ana mimba, mtoto gani hajamaliza chanjo.

2. Kutazama nyumba. Je, madirisha yanafunguka? Maji ya kunywa yanafunikwa? Makala yanawashwa ndani ya chumba cha kulala?

3. Kuhesabu. Watu 3 wa njia moja wakiharisha katika wiki moja, yeye hatoi dawa tu. Anakwenda kutazama maji wanayochota.

4. Kusikiliza. Anajifunza kusema na bwana na bibi bila kuwahaibisha, na kutunza siri za nyumba.

Kama ningalikuwa na mafundisho haya wakati ule, ningalifika kwa yule mtoboaji katika wiki ya kwanza. Watu wote wa nyumba wangalipimwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa namna hii, akionekana hana ugonjwa, hupewa dawa ya kumkinga. Chanjo ya BCG husaidia sana, lakini haitoshi peke yake.

Kwetu wachimbaji jambo hili ni zito kupita kwa wengine. Vumbi la mawe huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hushikwa upesi na kifua kikuu. Ugonjwa unaanzia kazini, kisha unakaa mezani pamoja na watoto wakati wa bukari.

WEWE UFANYE NINI?

— Infirmie akibisha hodi, mfungulie. Hakuja kupeleleza.
— Mtajie watu wote wanaolala nyumbani, hata mgeni na mtoto wa ndugu.
— Ukikohoa kupita wiki 2, njoo upimwe, hata kama unajisikia una nguvu.
— Usiache dawa kwa sababu kikohozi kimetulia. Miezi 6 ni miezi 6.
— Usiogope kutaja ugonjwa wako. Aliyetibiwa sawasawa anapona na kurudi kazini.

Na ninyi, wenzangu wainfirmie, msiseme kwamba diploma yenu inatosha. Mimi niliijua dawa, kipimo chake na siku zake. Yale ambayo sikuyajua ndiyo yaliyomgharimu mtoto masikio yake.

JIULIZE USIKU HUU

Nyumbani kwako mnalala wangapi katika chumba kimoja? Nani kati yao anakohoa? Kartı za chanjo za watoto ziko wapi? Kama huwezi kujibu, muulize mama wa nyumba kabla ya kwenda zamu ya kesho.

Yule mtoto leo anajifunza kusema kwa mikono. Baba yake ananisalimu kila tunapoonana, wala hajanilaumu hata mara moja. Lakini kila nikifungua fishi mpya, ulizo la kwanza ninaloandika ni lile: «Nyumbani unalala na nani?»