Usafi wa Hedhi Kwetu Newala

Habari nitakayoieleza hapa si ya aibu, ingawa wengi huisema kwa kunong'ona. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mzaliwa wa kijiji kimoja cha Wamakonde karibu na Newala.

Kwanza yafaa tujue hedhi ni nini. Kila mwezi mji wa mimba hujitayarisha kwa utando laini wenye damu. Mimba isipotunga, utando huo hubomoka ukatoka pamoja na damu, kwa muda wa siku mbili hadi saba. Huu si ugonjwa wala si uchafu. Uchafu huja tusipoitunza sodo, yaani kile kitambaa cha hedhi.

Kwetu maji ni shida ya tangu kale. Nchi yetu iko juu na udongo wake ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama, yakaja kutokea mabondeni. Nimekua nikimwona mama akipanda mlima na ndoo kichwani. Ndoo hiyo ni ya kupikia na kunywa kwanza, sodo husubiri.

Nilipovunja ungo, bibi aliniita ndani akaniambia, "Mjukuu wangu, kitambaa hiki asikione mwanamume, hata baba yako." Nikatii. Nilikifua kwa maji machache, nikakificha chini ya godoro. Hakikukauka, nami nikakivaa hivyo hivyo kibichi. Haikupita miezi mitatu nikaanza kuwashwa na kutoa harufu. Nilikosa shule siku sita, na mtihani ukanipita. Muuguzi wa zahanati aliniuliza neno moja tu: "Unakianika wapi?"

Hapo nikafahamu kwamba kosa si kitambaa, kosa ni giza. Nilimweleza bibi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tujenge ua." Tukazungushia nyasi nyuma ya nyumba, kimo cha mtu, juu wazi. Wapita njia hawaoni kitu, na jua la saa sita laingia lote. Baba alitukatia miti, wala hakuuliza ni ya nini.

Dada zangu, shikeni haya:

1. Tumia kitambaa cha pamba, laini na safi. Kibadili kila baada ya saa 4 hadi 8.
2. Kiloweke kwanza katika maji baridi, kwani maji ya moto huigandisha damu. Kisha kifue kwa sabuni, ukisuuze mpaka maji yatoke meupe.
3. Kianike juani hata kikauke kabisa. Siku za mvua, kipige pasi.
4. Nawa mikono kabla na baada. Jioshe kwa maji, usitie sabuni ndani.
5. Ukiwashwa, ukitoa harufu mbaya, au damu ikizidi siku 7, nenda zahanati upesi.

Wengine watasema, nunueni pedi. Mwaka 2018 Serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 2019 ikairudisha, ikisema bei haikushuka. Kwa hiyo asiye na fedha asione haya kutumia kitambaa. Kikitunzwa vema, ni salama.

Nanyi kaka zetu mliosoma hadi hapa, msicheke. Likizo ikifika, wakatieni dada zenu miti ya ua.