Bakuli kutoka Ubao wa Bluu

Lori la mbao linaloshuka Kitonga kutoka Mafinga, likapita Mikumi na Kidatu hadi Ifakara, huwa limefungwa turubai kuzuia mvua. Chini ya turubai, mbao mbichi za paini kutoka mashamba ya Mufindi zimelaliana bila upenyo wa hewa, na joto linazidi kadiri gari linavyoteremka bondeni. Zikishushwa na kukaa siku chache uani kwa muuzaji, michirizi ya kijivu na bluu inaanza kujitokeza. Mteja wa mbao za kenchi akiiona anageuza uso. "Mzee, hizo za kuni," kijana wa duka aliniambia nilipouliza bei ya fungu moja lililosukumwa ukutani.

Nilinunua vipande vinne. Kimoja leo ni bakuli la matunda mezani kwangu, na michirizi yake imetanda kama wingu la masika juu ya milima ya Udzungwa. Ninaandika haya kwa fundi mwenye mashine ya kukereza, ambaye kila siku anakereza miguu ya vitanda na kuzipita mbao hizi bila kuzitazama.

Doa hilo la bluu ni kazi ya kuvu. Mbegu zake nyingine huja na upepo na matone ya mvua, nyingine hubebwa na mbawakawa wadogo, wengine hawafikii hata punje ya mchele, wanaotoboa gogo lililolala msituni likingoja msumeno. Wapo mbawakawa ambao hawali mti wenyewe: wanapanda kuvu ndani ya tundu na kulisha watoto wao kuvu hiyo, kama mkulima na shamba lake. Huko British Columbia, Kanada, mbawakawa wa paini waliharibu msitu wa zaidi ya hekta milioni 18 tangu miaka ya 1990. Wakanada waliipeleka sokoni mbao hiyo yenye doa la bluu, na paa la ukumbi wa Richmond uliotumika katika Olimpiki ya mwaka 2010 kwa sehemu limejengwa kwayo. Kwetu doa hili kwa kawaida huja baada ya mti kukatwa, lakini kinachotokea ndani ya mbao ni kilekile.

Kuvu ya bluu hula sukari na mafuta yaliyo katika sehemu nyeupe ya nje ya mti. Haili nyuzi zinazoubeba mti, na ndiyo maana ubao wa bluu hubaki na karibu nguvu yake yote. Uozo ni jambo jingine. Bonyeza kwa ncha ya msumari: ubao uliooza unadidimia. Bandua kibanzi pembeni: kilichooza hukatika kifupi kama biskuti, kizima huchanika kwa nyuzi ndefu. Kilichooza kiache.

Sasa lipo jambo ambalo naomba fundi alisome mara mbili. Paini nyingi ya kuezekea imepigwa dawa, na dawa inayotumika sana ina shaba, kromu na aseniki. Aseniki ni sumu. Mbao hizo zina rangi ya kijanikijani, na kwenye duka lenye mwanga hafifu mtu anaweza kudhani ni bluu ya kuvu. Kata kichwa cha ubao upya na utazame mahali pa mwanga. Doa la kuvu huingia kama kabari au kipande cha chungwa, pana upande wa ganda, likichongoka kuelekea kiini, na halifuati mpangilio. Rangi ya dawa imetapakaa sawasawa upande wa nje. Ukiwa na shaka, usikereze. Mabaki ya nguzo za umeme nayo usiyaguse kwa kazi hii. Na tafadhali, mabaki ya mbao za dawa yasipelekwe kwa mama lishe: ukiyachoma, aseniki inatoka na moshi, na iliyobaki inakaa kwenye majivu yaleyale ya kusugulia sufuria.

Ukishapata ubao salama, omba risiti na uitunze, maana watu wa misitu wakikuuliza mbao imetoka wapi, maneno hayatoshi. Kisha kausha. Kuvu haikui tena unyevu wa mbao ukishuka chini ya asilimia 20. Panga mbao kivulini juu ya matofali, weka vipapi kati ya tabaka na tabaka, upepo upite. Bondeni kwetu Juni hadi Oktoba ndio wakati wake. Kazi inayoanzishwa Machi, mto ukiwa umefurika, itakuchosha bure. Huna kipimo cha unyevu? Tumia mizani ya dukani. Pima kipande kila wiki, andika uzito na tarehe kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Uzito ukikaa palepale wiki tatu mfululizo, kimekauka. Bluu haitaondoka, kuvu ikilala rangi inabaki.

Ubao wenye matundu uweke juu ya gazeti wiki mbili. Ukikuta unga mpya umemwagika, mdudu bado yumo.

Ubao wa inchi 2 unatoa sahani pana. Ukitaka kina, gundisha mbao tatu zilizokauka, ukizigeuza ili michirizi ipishane. Ukipata kipande cha gogo bichi, kipe umbo la bakuli kikiwa kibichi na uache ukuta mnene, kama sehemu ya 10 ya upana: bakuli la sentimita 25 liwe na ukuta wa sentimita 2.5. Lichemshe saa nzima katika pipa kuukuu, wadudu wafe, halafu lifukie ndani ya mfuko wa karatasi wenye maranda likauke polepole bila kupasuka. Miezi kadhaa baadaye unalirudisha kwenye mashine. Mwembe ulioangushwa na upepo unakubali njia hiyohiyo, nao hushika michirizi mizuri mno.

Paini ni laini, na bobari butu huichana badala ya kuikata. Noa kabla ya kuanza, na noa tena kabla ya mkato wa mwisho. Nje kata kutoka kitako kwenda mdomoni. Ndani, kutoka mdomoni kwenda katikati. Anza na mizunguko isiyozidi 500 kwa dakika, usimame pembeni, mikono ya shati imefungwa. Utomvu ukiganda kwenye bobari, ufute kwa tapentaini.

Vumbi la paini huamsha pumu, na lenye kuvu ndani yake ni baya zaidi. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Vaa barakoa ya vumbi inayobana uso, piga msasa mlango ukiwa wazi, na watoto wasicheze kwenye maranda.

Mwisho paka mafuta safi ya kitani yasiyochanganywa na dawa za kukausha haraka, acha yaingie, kisha sugua kwa nta ya nyuki. Tambara lenye mafuta hayo litandaze nje likauke. Likikunjwa na kutupwa pembeni linaweza kuwaka lenyewe.

Bakuli hili ni la embe, ndizi, karanga na mikate. Uji na mchuzi hapana, kwa sababu matundu ya mdudu hushika mabaki. Likichafuka, lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo na ulikaushe papo hapo. Ukiwapelekea wageni wa Hifadhi ya Udzungwa pale Mang'ula, waeleze hayo kabla ya kutaja bei, na uwaonyeshe pale mbawakawa alipoingilia.